W Yenye Pembe

Jumatano asubuhi, baada ya gwaride, Limi Ng'wandu wa darasa la saba alifuta vumbi kwenye kompyuta za shule yao hapa Masumbwe. Ndiyo zamu yake kila wiki. Kompyuta zenyewe zinatumia mfumo wa Linux, na Mwalimu Noela, aliyemaliza chuo juzi tu, anazisifia kama mtu anayesifia fahali wake.

Siku hiyo Mwalimu Noela alikuwa anaingiza majina ya watahiniwa kwa intaneti. Mwisho saa sita mchana! Jina lisipopokelewa, mtoto hafanyi mtihani.

Saa nne na nusu akapiga kelele. "Mama yangu! Limi, Ndaki, njooni muone!"

Limi akaangalia kioo cha kompyuta. Jina lake lilisomeka Limi Ngẃandu. Ritifaa, ile alama ya ' baada ya Ng, imepotea, halafu w imeota pembe! Chini yake, kwa maandishi mekundu: Jina halikubaliki.

"Umekuwa ng'wana Mzungu, mtoto wa Mzungu!" Ndaki, mwanafunzi mwenzake, akacheka.

"Usicheke," mwalimu akasema. "Kina Jilala na Mageni wamepita. Wenye Ng' wote, kumi na mmoja, wamekwama."

Mwalimu Mkuu, Mwalimu Pantaleo, akaingia. Wakamwamkia, "Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Sasa si muandike Ngwandu tu, yaishe?"

"Hapana mwalimu!" Limi akaruka. "Cheti changu cha kuzaliwa kina ritifaa!"

Mwalimu Noela akachomoa kibodi, akachomeka ya kompyuta ya pili. Pembe palepale. Akafungua programu ya kuandikia barua, akaandika Ng'wandu. Weee! Ritifaa ikatoka safi kabisa! Akarudi kwenye kivinjari, ile programu ya kufungulia intaneti. Pembe!

"Kumbe kibodi ni nzima," akasema kwa mshangao. "Ugonjwa uko kwenye kivinjari. Nakifuta, nakipakua upya."

"Kwa intaneti hii?" Mwalimu Mkuu akatazama saa. "Kitaisha jioni!"

Limi akaisogelea meza ya mwalimu. Sheria ya chumba kile aliijua: anayechezea mipangilio haingii tena. Lakini wenzake kumi, je?

"Mwalimu... ni mimi."

Wote wakamgeukia.

"Asubuhi nilikuta kivinjari kiko wazi. Nikabonyeza vile viherufi vya kona ya juu, nikachagua mpangilio wa kibodi wa kigeni. Nilitaka kuona zile herufi za Kifaransa."

Mwalimu Noela akashika kichwa. "Jamani! Kibodi ya kigeni hubandika ritifaa juu ya herufi inayofuata, na kompyuta hii kila dirisha la programu linakumbuka kibodi iliyochaguliwa humo! Ndiyo maana kwenye barua hakuna shida!" Akabonyeza kona ileile, akarudisha kibodi ya kawaida, akaandika.

Ng'wandu. Limepokelewa.

Jina la kumi na moja liliingia saa sita kasoro dakika nane. Limi akaanza kulia.

"Sasa sitaingia tena humu, mwalimu?"

Mwalimu Noela akamtazama Mwalimu Mkuu, naye akakohoa.

"Utaingia," akasema mzee. "Lakini sikiliza, binti. Kugusa kulikuchukua dakika moja. Kunyamaza kwako kumetula saa nzima, na nusura kuwale wenzako kumi. Fundi anaweza kutengeneza chochote ukimwambia ulichogusa. Ukigusa, sema. Hata kama sauti inatetemeka, sema."

"Ndiyo, mwalimu," Limi akajibu, na kweli sauti ilitetemeka.