Abiria wa Njia ya Juu

Jua lilipoanza kuegemea mlima, Klachi alinawa uso, akavaa shati ambalo mkewe alilipenda enzi zile, akafunga kwenye keria furushi la masweta aliyoagizwa na mkewe, akawasha pikipiki. Safari yenyewe haikuwa na ajabu. Mwanamume anakwenda kwa mkewe. Wangapi hawaendi?

Ila huyu alikuwa anapita njia ya juu.

Jina la Klachi alipewa na madereva wenzake kituoni, na hawakumsingizia. Ni mtu wa kushika nusu, kuachia nusu. Ukimwambia twende, anakuja. Ukimwambia turudi, anageuza. Mkewe, fundi cherehani mwenye mkono mwepesi na ulimi usiotaka kubembelezwa, alikuwa amepata kazi ng'ambo ya mlima, kushona sare za shule. Walikubaliana mume atafuata akimaliza mambo yake. Mambo yakawa hayaishi. Mambo ya mwanamume asiyetaka kuhama ni kama nywele: leo umekata, kesho zimeota.

Kwa barabara ya chini, inayouzunguka mlima wote, ni safari ya kutwa. Akawa anakwenda mwisho wa mwezi, tena akijisikia. Mpaka siku moja mkewe akampigia simu, na hakufoka. Angefoka ingekuwa heri. Alizungumza kama anayepima kitambaa.

"Mimi si kaburi la kuzuriwa mara mojamoja," akasema. "Uwe unakuja kila wiki, au usije kabisa, nijue moja."

Hapo ndipo Klachi alipoikumbuka njia ya juu. Zamani pikipiki zilikuwa zinapita huko mfululizo kama siafu: unapanda upande huu, unakata kilele, unaserereka upande wa pili, na chai uliyoiacha mezani haijapoa. Kisha msimu mmoja madereva wote wakaacha kuipita. Hakuna daraja lililovunjika, wala jabali lililoporomoka. Waliacha tu, kwa pamoja, kama watu walioambiana jambo, na msitu ukaimeza.

Akaenda kumuuliza mjomba wake, kaka wa mama yake, ambaye katika ujana wake aliiendesha njia ile kuliko wote. Mjomba siku hizi anaziba pancha chini ya turubai pale kituoni. Anaziba za kila mtu, lakini pikipiki haikalii. Hata ya kujaribu anaisukuma kwa mkono. Alipoulizwa ilikuwaje njia nzuri namna ile ikasahauliwa, alichovya mpira kwenye karai la maji, akangoja mapovu yamwonyeshe tundu.

"Haikusahauliwa, mpwa wangu," akasema. "Iliachwa."

Akachukua msasa, akaanza kukwangua mpira. Maongezi yakaishia hapo.

Wenzake nao, alipowaomba wakafyeke pamoja, kila mmoja alikuwa na lake. Huyu mgongo, yule msiba, mwingine hakusumbuka hata kutunga, alisema hataki. Vifaa lakini walimwazima upesi. Mwenye sururu alimwambia asihangaike kuirudisha.

Basi akafyeka peke yake, na kwa hilo apewe haki yake, maana ndilo jambo pekee alilolianza akalimaliza. Alikata vichaka, akang'oa visiki, akajaza mawe kwenye makorongo yaliyochimbwa na maji, akalaza magogo juu ya kijito. Viganja vikatoka malengelenge, malengelenge yakawa sugu. Kule kileleni, katikati ya magugu ya kumfika kifuani, alikuta mahali pana kama mkeka pasipoota kitu. Udongo mgumu, msafi. Hakuna jani hata moja, na miti imefunika juu.

Palikuwa pamefagiwa.

Akajiambia ni mnyama anayelala hapo. Mnyama gani mwenye ufagio, hakujiuliza. Mtu akiwa na haja yake, akili humgeuka ikawa mganga wa sokoni, ikamwambia kile anachotaka kusikia.

Jioni hiyo ya kwanza, kupanda kulikuwa raha tupu. Gia ya kwanza, mawe yanaruka chini ya gurudumu, mguu mmoja unagusa chini kwenye kona, matawi yanampiga mabega kama watu wanaompongeza. Alikuwa anapiga mluzi. Alikuwa anapanga atakavyoingia kwa mkewe na kuketi bila kusema kitu, amwache mwenyewe ahesabu muda.

Kileleni akakutana na ukungu.

Madereva wa abiria wana mazoea mawili yanayowaingia mpaka kwenye mifupa. La kwanza, wakifika juu huzima injini na kuserereka mteremko wote, mafuta yasiende bure. La pili, kabla abiria hajapanda, dereva hugeuka akaifuta siti ya nyuma kwa kiganja, akaipiga makofi mawili. Maana yake: panda, mama; panda, mzee. Mkono hufanya wenyewe, hata mwenye mkono akiwa na mawazo mengine.

Klachi alisimama. Akazima injini.

Kimya.

Akaona siti ya nyuma imelowa umande. Akageuka, akaifuta kwa kiganja. Akaipiga makofi mawili.

Pikipiki ikashuka.

Springi za nyuma zililia... kiii... kama zinavyolia mtu mzima anapopanda kwa upande, taratibu, kwa kuogopa kuanguka. Klachi aligeuka. Siti ilikuwa tupu. Ila palinuka. Palinuka majivu yaliyolowa, na nguo iliyokaa muda mrefu bila kuanikwa.

Alitaka kuruka. Lakini gurudumu lilikuwa limeshaanza kuteremka, na aliyewahi kuachia pikipiki mteremkoni anajua nani huumia. Akashika usukani. Akapiga kiki, injini haikuwaka. Akapiga tena. Wapi.

Kona ya kwanza. Abiria mgeni kwenye kona huinama upande usio wake, akamtesa dereva. Huyu aliinama sawasawa naye. Kona ya pili hivyohivyo. Huyu aliijua njia.

"Nani?" Klachi akanong'ona.

Upepo tu...

Kisha shati likakazwa kiunoni. Kulia, na kushoto. Ngumi mbili ndogo, baridi mpaka kwenye ngozi. Na karibu na sikio, sauti ya mtu aliyekaukiwa na koo:

"Taratibu, baba. Mwenzio alinikimbiza sana."

Namna alivyofika chini hajui. Anachokumbuka ni ua wa nyumba aliyopanga mkewe, na mkewe mwenyewe akitoka na taa mkononi, uso umekwisha kukunjwa tayari kwa ugomvi. Mwanamke akatazama nyuma ya bega la mumewe. Uso ukakunjuka.

"Jamani, karibu mama. Shuka polepole, nishike mkono."

Springi zikapanda juu. Mkewe akapita mbele ya Klachi ameuinua mkono wake wa kushoto, kama anayemkongoja mtu, na mkono huo ulikuwa umelemewa. Mlangoni aligeuka akamuuliza mumewe ana akili gani ya kumbeba mtu mzima kwenye baridi ile bila hata shuka la kujifunika.

Chumba kilikuwa kimoja: cherehani dirishani, kitanda nyuma ya pazia, sare zimekunjwa kwenye meza, viti viwili na kigoda. Mkewe alifungua furushi, akachagua sweta zito kuliko yote, akamvika aliyekaa kitini.

Sweta likakaa. Halikuanguka.

Klachi alikula akiwa ameinamia sahani. Mkewe aliongea na kile kiti, akacheka kwa mambo ambayo Klachi hakuyasikia, akamwaga maji ya moto kwenye beseni, akaliweka chini ya kiti. Maji yakatikisika, yakageuka matope. Tangu aolewe hakuwahi kuonekana mpole namna ile. Kitanda alipewa mgeni. Mume alitandikiwa sakafuni, akalala macho, akisikiliza nyuma ya pazia watu wawili wakipumua.

Asubuhi, kabla hakujapambazuka vizuri, mkewe alimwita uani akamweleza. Mama yule, watu wa kwao walimwita mchawi. Mtoto wa jirani alikufa, ng'ombe wa jirani mwingine akafa, na yeye alikuwa mjane asiye na wa kumsemea. Madereva wa pikipiki wakaambiwa wampeleke kwa kaka yake, huku ng'ambo. Aliyembeba alimshusha kileleni, akamwambia amngoje kidogo. Wenzake walikuwa nyuma. Walipita mmoja mmoja, naye akawainulia mkono mmoja mmoja. Wote walitazama mbele.

"Anasema mgongo wako anaujua," mkewe akasema. "Nimemuuliza anataka nini. Anataka kurudishwa nyumbani kwake, basi. Hata hakasiriki."

Klachi akasema yeye haoni mtu.



"Najua humwoni," mkewe akasema. "Mpeleke hivyohivyo. Mpaka mlangoni. Ukifanya hili moja vizuri, nitajua nina mume, na mengine tutayazungumza."

Basi wakapanda mlima, yeye na uzito wake. Mwanzo ulikuwa wa mtu mmoja mwembamba. Kadiri njia ilivyopanda, ukazidi. Injini ikatoa moshi, gurudumu la nyuma likachimba ardhi. Na kichwani mwa Klachi, maneno yakaanza kusagana. Atamfikisha kwa nani? Nyumba ile sasa ina wenyewe, na wenyewe ni wajukuu wa waliomfukuza. Atasema nini? Hodi, nimewaletea? Watu watasema Klachi amemrudisha mchawi. Nani atapanda tena pikipiki yake?

Kileleni alisimama.

"Mama," akasema, bila kugeuka. "Hebu shuka kidogo. Mnyororo umelegea."

Springi zikapanda juu. Hakuuliza kitu, mama wa watu.

"Ningoje hapa. Nakuja."

Akaachia breki. Pikipiki iliruka mteremko mzima kama jani. Hakuna chombo chepesi kama kile kilichomshusha mtu njiani. Klachi alijikuta anacheka kwa sauti, na kicheko hakikukoma alipotaka kikome.

Kituoni, mjomba alikuwa ndiyo kwanza anatundika turubai lake. Alitazama pikipiki, akatazama siti ya nyuma, akatazama matope makavu ya vidole viwili vitatu kwenye shati la mpwa wake, kiunoni. Akaketi juu ya tairi.

"Ulimwambia nini?" akauliza.

Klachi alikung'uta matope kiunoni. Kisha akasema, "Mnyororo."

Mjomba akatikisa kichwa polepole.

"Mimi nilimwambia pancha," akasema. Akavuta karai lake la maji, akaanza kazi.

Klachi akampigia mkewe simu. Alikuwa ameshaipanga sauti njiani, sauti ya mtu aliyechoka kwa kutenda mema. Akamwambia mama amefika salama, amepokewa vizuri, amewaacha wanamchemshia uji.

 Upande wa pili maji yalikuwa yanamiminwa kwenye beseni.

"Amefika kweli," mkewe akasema. "Yuko hapa. Ametembea. Ndiyo namwosha miguu."

Klachi akaanza kusema kwamba alikuwa na nia ya kurudi, kwamba mnyororo kweli ulikuwa na shida, kwamba anakuja sasa hivi amchukue. Mkewe alimwacha aseme mpaka maneno yakamwishia.

"Usije," akasema. "Mimi mwenyewe unaniambia unakuja tangu nihamie huku, na nimekuwa nikikaa kuangalia mlango. Tofauti yangu na huyu mama ni paa tu. Nitampeleka mwenyewe. Kwa miguu."

Akakata simu. Hakuipokea tena.

Mwenye nyumba, alipoulizwa baadaye, alisema fundi alifunga cherehani yake kwa shuka, akakabidhi ufunguo, akaondoka na mama yake mzazi aliyekuja kumtembelea. Walishika njia ya mlimani, wameshikana mikono. Mama mzazi wa mkewe, Klachi alimzika kwa mikono yake kabla hata hawajahama nyumba ya kwanza.

Upande huu hawajashuka. Upande ule hawajarudi.

Alikaa siku kadhaa akingoja simu, kisha akapanda kwenda kumtafuta. Hilo lilijulikana kwa sababu mjomba alimwona akipinda kuingia njia ya juu, jioni, ukungu umeshuka mpaka kwenye miti ya chini, akamwita, na mwenyewe hakusimama. Wanaochanja kuni kule waliisikia injini ikipanda. Waliisikia ikifika kileleni. Enzi zile madereva wote walikuwa wanapunguza pale, kona ni mbaya.

Injini ya Klachi haikupungua. Iliongezwa.

Alitokea ng'ambo na taa zimewaka kote, akarudi nyumbani kwa barabara ya chini, usiku kucha. Siku hizi anabeba abiria wa mjini tu, na kila anayepanda humwambia ashike keria, asimshike kiuno.

Watu hawamuulizi kitu. Lakini kaa naye kidogo tu pale kituoni, umwombe hata kiberiti, atakwambia. Ukungu ulikuwa mzito, atakwambia. Wanawake wawili? Mkono juu? Gauni la kijani, lile mkewe alilojishonea mwenyewe? Hapana. Hakuona mtu yeyote pale.

Atakwambia kabla hujauliza.