Kisima Kilichokutwa Kifudifudi

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi cherehani. Anayeona natia chumvi akamuulize mwenyewe.

Mdogo wake alijifungua binti, akampa jina ambalo fundi alikuwa amelitunza miaka yote kwa ajili ya mtoto asiyempata.

"Jina halina mwenyewe, dada," mdogo mtu alicheka. "Kesho anabatizwa. Nenda basi ukanisugulie kile kisima cha ubatizo."

Akaenda, roho inamuuma. Kisima chenyewe kilikuwa bakuli kubwa la jiwe, kikongwe kuliko kanisa. Wazee walisema mafundi waliochimba msingi walikikuta kimelala kifudifudi, kama chungu kilichofunika kitu, wakakigeuza bila kujiuliza. Mchana ule wingu la mvua lilitanda, ndani kukawa giza. Fundi aliacha kusugua, akainamia kitundu cha kutolea maji, akaliita lile jina, kwa wivu tu, ili awe wa kwanza kulitumia.

"Abee, mama," sauti ya kitoto ikaitika huko chini.

Alitoka mbio, brashi akaiacha. Njia nzima alijiambia ni mwangwi, lakini mwangwi gani huitika "abee"?

Kesho yake padri alimmwagia mtoto maji utosini, akatamka jina. Maji yaliteremka kwenye kitundu yakigugumia, kisha yakakatika ghafla, kana kwamba yamezibwa na kiganja. Ndipo ikaja sauti ile ile, sasa imenuna:

"Mama, mbona wanampa jina langu?"

Mdogo mtu alimgeukia fundi aliyesimama nyuma yake, amemkumbatia mtoto kwa nguvu.

"Dada," akanong'ona, "ni nani huyo anayekuita mama?"