Duka la Kalolaine Hufungwa Jumapili

Siku iliyomuuma Kalolaine kuliko zote ilikuwa Jumatatu.

Zamani, Jumatatu nyumba yake ilijaa watu. Wanawake wanane walikaa chini sebuleni, kila mmoja na majani yake ya mkadi, wakasuka mikeka mpaka jioni. Waliimba, wakasengenya, wakacheka hadi machozi. Kisha wakaanza kuondoka kisiwani kwao, Ha'apai, huko Tonga. Watatu walikwenda Australia kuchuma matunda. Wawili waliwafuata watoto wao Auckland. Mmoja alifariki. Mwingine, Fusi, macho yalimwishia nguvu, akawa hatoki tena kwake. Akabaki Kalolaine peke yake, na sebule kubwa isiyo na mtu.

Mumewe, Manase, alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Kaburi lake lilikuwa ng'ambo ya barabara. Kila Jumamosi Kalolaine alilifagia, akamwaga mchanga mweupe, akapanga upya vijiwe vyeusi. Jumapili alikwenda kanisani, kisha akarudi kula. Siku hizi hapakuwa na sababu ya kuchimba shimo la kuokea chakula cha Jumapili na kupasha mawe moto. Nani huchimba shimo kwa ajili ya mtu mmoja? Alipika fungu moja la lu kwenye sufuria ndogo, yale majani ya jimbi na tui la nazi, akala akiitazama picha ya Manase ukutani.

Mwezi wa sita mwanawe Semisi alipiga simu kutoka Sydney.

"Mama, upo?"

"Nitakwenda wapi?"

"Mama, tumekaa na mke wangu tukazungumza. Kuendesha nyumba mbili kumetushinda. Krismasi nakuja kukuchukua. Hiyo nyumba tuifunge."

"Na baba yako?"

"Baba amekufa, mama."

"Najua amekufa. Nauliza nani atamfagilia."

Semisi akasema taratibu, "Ungekuwa na kipato chako, yangekuwa mazungumzo mengine. Lakini huna."

Kalolaine hakulala vizuri siku hiyo wala siku iliyofuata. Hakutaka kufa katika nyumba ya mkwe, katika mji asioujua hata barabara ya kanisani. Akakumbuka kuwa mmoja wa wale wachuma matunda aliwahi kuuza kiekie kwa simu. Kiekie ni pambo la kiunoni la nyuzi na visuko vya mkadi. Mwanamke wa Tonga hatoki kwenda kanisani au ofisini bila kulifunga. Ni jepesi, na linaingia kwenye bahasha. Naye mikono yake ilijua kulisuka hata akiwa amesinzia.

Basi akafungua ukurasa mtandaoni. Alitandika kiekie kitandani, akapiga picha, akaandika: "Ninauza. Toa kadiri ya upendo wako."

Wiki ikapita. Watu hamsini walisifu. "Mikono ya dhahabu hiyo, shangazi!" waliandika. Aliyenunua hakuwepo hata mmoja. Wawili tu waliomba, nao walikuwa ndugu, kwa hiyo aliwapa bure. Tena gharama ya posta alilipa yeye.

Posta palikuwa na Uaisele, karani wa dirisha la vifurushi. Alikuwa rafiki wa marehemu Manase tangu shule. Ulimi wake ulikuwa mkali, lakini roho yake safi, na habari ya simu ya Semisi alikwisha kuisikia.

"Shemeji," alisema, akigeuzageuza bahasha ya pili, "hii umeuza au umezaa mtoto mwingine wa kulisha?"

"Ni ndugu. Utamdaije ndugu?"

"Nionyeshe huo ukurasa wako."

Aliusoma, kisha akavua miwani. "Toa kadiri ya upendo wako. Hili ni duka au sahani ya sadaka?"

"Naona aibu kutaja bei, Uaisele. Mtu anasifu kazi yako, halafu unamtajia pesa? Hatukulelewa hivyo."

"Hatukulelewa hivyo kwa mgeni aliyeketi mkekani kwako. Huyu wa mtandaoni hajaketi. Anapita njia tu. Asipoona bei, ataona ni ghali mno, au ni mtego. Hatauliza. Ataenda zake."

"Sasa niseme ngapi?"

"Majani unanunua au unakata mwenyewe?"

"Nakata, nachemsha, naloweka baharini, naanika. Kisha nasuka. Siku mbili nzima kwa kiekie moja."

"Siku zako mbili zina bei. Majani yana bei, hata kama ni ya shamba lako. Stempu yangu ndiyo kabisa. Jumlisha, kisha ongeza faida kidogo. Halafu nenda ukaangalie wenzako mtandaoni wanauza vipi, usije ukawa juu mno au ukauza rahisi kama ndizi zilizoiva."

Kalolaine alicheka kidogo. Alikuwa hajacheka siku nyingi.

"Na picha hii," Uaisele aliendelea, "umepiga pangoni? Toa kiekie nje asubuhi. Mfunge binti wa jirani kiunoni, watu waone inavyokaa. Andika urefu wake. Andika kwamba meli ni moja kwa wiki, ili mtu asihesabu siku kama yuko mjini. Alipe kwanza, ndipo utume. Na akitokea mtu wa kukuomba namba ya siri ya benki?"

"Hiyo ni yangu na Mungu."

"Hata Mungu usimwandikie kwenye simu. Na ndugu je?"

Kalolaine aliitazama ile bahasha.

"Wape," alisema Uaisele. "Mtu hawezi kuwakana ndugu. Lakini tenga moja kwa mwezi, hiyo ndiyo ya ndugu. Ikiisha, waambie wangoje mwezi ujao. La sivyo watakula duka lote, na Krismasi utapanda ndege ukilia."

Kalolaine alifanya alivyoelezwa. Alipoandika bei, pa'anga mia moja na ishirini kwa fedha ya Tonga, masikio yake yaliwaka moto kwa aibu. Siku ya tatu mwanamke mmoja wa Auckland aliandika maneno mawili tu: "Nachukua mbili." Hakulalamika. Hakuomba kupunguziwa hata senti.

Mpaka mwezi wa tisa alikuwa ameuza kumi na tisa. Umeme alilipa mwenyewe. Alimpigia Semisi kumwambia, na Semisi akasema, "Vizuri, mama. Tutaona." Lakini nyumba ilikuwa kimya vilevile. Alisuka, akafunga vifurushi, akaandika majina ya watu ambao hatawaona kamwe. Jumatatu bado ilimuuma.

Kisha akatokea Vika.

Vika aliishi Utah, Amerika. Binti yake alikuwa anaolewa, naye alitaka kiekie sita za aina moja. Hiyo ilikuwa oda kubwa kuliko zote. Jumamosi mchana kwa saa zake, Vika alilipa. Kisha akaandika: "Nimelipa. Umeona?"

Ha'apai ilikuwa tayari Jumapili asubuhi. Jumapili hapauzwi kitu, hapafanywi kazi. Simu ya Kalolaine ilikuwa imezimwa, iko ndani ya droo, chini ya vitambaa. Mwenyewe alikuwa kanisani.

Jumatatu alipoiwasha alikuta jumbe kumi na moja. Za kwanza zilikuwa za adabu. Za katikati ziliuliza kama yupo. Ya mwisho haikuandikwa kwake. Ilibandikwa ukurasani, mbele ya macho ya kila mtu: "Jihadharini na huyu mwanamke. Amekula pesa yangu na kuingia mitini. Ni tapeli."

Watu thelathini walikuwa wameisoma. Wawili walikuwa wamefuta oda zao.

Kalolaine aliketi chini pale pale. Miaka sitini na miwili hajawahi kuitwa mwizi. Alitaka kumwambia mtu, akageuka, akaona mkeka mtupu. Angekuwepo hata mmoja wa wale saba! Alilia kwa sauti, maana hapakuwa na wa kumsikia. Kisha akampigia Semisi.

"Njoo unichukue," alisema. "Nimeshindwa."

Alikwenda posta kutuma kifurushi kilichobaki. Uaisele aliona macho yake mekundu, akaacha utani. Alisoma ule ujumbe polepole.

"Nataka kuufuta," Kalolaine alisema. "Nifute na ukurasa wote."

"Ukiufuta utakuwa umekubali. Shemeji, alipolipa huyu, kwake ilikuwa siku gani?"

"Jumamosi."

"Na kwako?"

"Jumapili. Lakini kila mtu anajua Jumapili hatugusi kazi!"

"Kila mtu wa hapa. Wale wa Auckland wanajua, wengi ni wetu, na Jumapili yao ni hii hii. Huyu yuko upande wa pili wa dunia, na wewe umefunga mlango bila kubandika karatasi. Yeye ametoa pesa kwa mtu asiyemwona. Amekaa na hofu siku nzima, anagonga, hakuna anayeitika. Wewe ungefikiri nini?"

Kalolaine aliusoma tena ule ujumbe.

"Sikwambii ufungue Jumapili," alisema Uaisele. "Manase angefufuka anipige. Sema tu kwamba umefunga, na sema kabla mtu hajalipa. Sasa mjibu. Mjibu pale pale alipokutukania, wote waone. Usimrudishie tusi."

Kalolaine aliandika akiwa amesimama dirishani:

"Dada Vika, pesa yako imefika. Ulipolipa, kwetu ilikuwa Jumapili, na Jumapili sishiki kazi. Nilipaswa kukwambia kabla. Kosa hilo ni langu. Kiekie zako sita zitapanda meli ya Alhamisi. Kama hunitaki tena, pesa nitairudisha leo."

Kisha juu kabisa ya ukurasa akaandika: "Duka hili hufungwa Jumamosi jioni na kufunguliwa Jumatatu asubuhi, saa za Tonga. Ukiandika Jumapili, nitakujibu Jumatatu. Nitajibu kila mtu."

Jumatatu ikapita, na Jumanne, na Jumatano. Vika alikuwa kimya. Tano za aina hiyo zilikuwa tayari; Kalolaine alisuka ya sita, na hakujua kama ana mteja au hana. Alhamisi, meli ikiwa imeshafunga gatini, simu ililia.

"Mama yangu alizaliwa Ha'apai," Vika aliandika. "Jumapili alikuwa akifunika televisheni kwa shuka, tukimnunia. Alifariki mwaka jana. Nilikuwa nimesahau hiyo shuka. Nisamehe. Tuma."

Mwezi mmoja baadaye Vika alibandika picha: wasichana sita wamefunga kiekie viunoni, wanacheka. Lile neno la tapeli alikuwa amelifuta mwenyewe. Oda zikaja kwa wingi, na safari hii Kalolaine alijua la kusema. "Mikono yangu ni miwili," aliwaandikia. "Yako itakuwa tayari wiki ya tano. Ukikubali, nakuweka kwenye foleni." Wengi walikubali.

Hapo ndipo alipomkumbuka Fusi. Macho ya Fusi yalikuwa yamekwisha, lakini vidole vyake je? Kuchana majani na kuyalainisha ni kazi ya vidole. Jumatatu asubuhi Kalolaine alikwenda kumshika mkono.

"Unanipeleka wapi, wewe kizee?" Fusi aliuliza.

"Kazini. Utalipwa."

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Twende."

Sebule ya watu wanane ikakaliwa na wawili. Hawakuijaza. Lakini Fusi alikuwa na masengenyo ya miaka minne.

Krismasi Semisi alikuja, na tiketi ya mama yake mfukoni, maana hakuwa ameisahau ile simu ya kuitwa amchukue. Alikuta paa lililokuwa likivuja limezibwa na umeme umelipwa. Jumapili aliona mama yake akizima simu na kuiweka ndani ya droo.

"Mama, Amerika bado ni Jumamosi. Huogopi wateja watakukimbia?"

"Wameshaambiwa. Wanaongoja wanatosha."

Jumamosi iliyofuata Semisi alichukua fagio bila kuambiwa, akavuka barabara. Alipanga vijiwe vyeusi juu ya kaburi la baba yake kimoja kimoja, mpaka jua likawa kali. Alhamisi alipanda meli peke yake, amebeba gunia la vifurushi vya mama yake. Ile tiketi mama hakuiulizia, naye hakuitaja. Kalolaine alisimama gatini mpaka meli haikuonekana. Kisha akarudi nyumbani, na nyumba ilikuwa tupu kweli kweli.

Jumapili ilinyesha. Alipika fungu moja la lu kwenye sufuria ndogo, akala mbele ya picha ya Manase. Upweke ulikuwepo, ulikuwa umekaa naye mezani kama kawaida. Lakini kwenye droo, chini ya vitambaa, watu walikuwa wakimngoja. Na kesho angemfuata Fusi. Aliosha sahani yake moja, akatazama saa ukutani, akashangaa nafsi yake. Alikuwa na hamu ya Jumatatu.