Watalii wa Ghorofa ya Tisa

Sakafu ya saruji hailii. Mbao hulia, hasa mbao kongwe, lakini saruji ukiikanyaga hunyamaza. Kwa hiyo asubuhi ile Marthe aliposikia sakafu ya sebule yake ikilia kwii, kwii, kama ngazi ya nyumba ya kale, alizima redio, akasimama na chanuo mkononi, akatega sikio. Waliokuwa wakipita walikuwa wengi, na viatu vyao vilikuwa vya soli ngumu. Walianzia mlangoni, wakafika dirishani, wakatulia kidogo, kisha wakaingia chumba cha kulala. Mlango wa chumba hicho ulikuwa umefungwa, na ndani alikuwamo mume wake tu, amelala.

Marthe si mwanamke wa kushtuka ovyo. Mtu anayeishi Joubert Park, ghorofa ya tisa, lifti mbovu, na stesheni kuu ya Park Station ikinguruma chini yake kutwa kucha, amekwisha kusikia kila aina ya kelele. Alijiambia ni jirani wa juu anasogeza kabati. Baadaye akakumbuka kwamba juu yake hakuna jirani, kuna paa na matangi ya maji.

Alikuwa mzaliwa wa Lubumbashi, Kongo, msusi wa nywele, na wateja wake aliwasukia hapo hapo sebuleni. Mumewe Lambert alilinda ghala la nguo Fordsburg usiku, akalala mchana. Binti yao Arlène, wa miaka tisa, alizaliwa hapa hapa Johannesburg. Kiswahili alikielewa vizuri, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza, na akikasirika kwa Kizulu. Ilikuwa likizo ya Julai mwaka 2018, baridi kali, na mtoto alishinda nyumbani.

Wiki mbili kabla ya hapo Marthe alikuwa Ubelgiji, kwenye harusi ya mtoto wa kaka yake Damien. Harusi ilipokwisha, wifi yake akamkatia tiketi ya kwenda kuuona mji mmoja wa kale, mji wa mifereji na minara, siku moja tu, pamoja na kundi na kiongozi wake. Mji wa miaka mia saba, siku moja! Walikimbizwa kama mbuzi wa mnadani. Hapa kanisa, piga picha, twendeni. Hapa daraja, piga picha, twendeni. Kiongozi, binti mchangamfu mwenye mwavuli wa njano, aliwahesabu kila kona asimpoteze mtu. Mwisho wa yote wakaingizwa katika nyumba ya tajiri mmoja wa zamani aliyefanya biashara ya mpira na pembe za ndovu kutoka Kongo. Wakaona kitanda chake, wakaona vijiko vyake, wakaona hata choo chake, halafu wote wakatoka mbio kuwahi basi, bila neno.

Marthe alibaki nyuma, na aibu ikamshika. Alikolelewa yeye, huwezi kuingia nyumba ya watu, ukachungulia mpaka chumbani, ukaondoka kimya kama mwizi. Akaugeukia ule ukumbi mtupu, akasema kwa adabu zake zote: asanteni kwa kutuonyesha nyumba, nanyi mkaribie kwetu. Adabu ni jambo jema, lakini kuna nyumba hazifai kuambiwa hivyo.

Basi wakaja. Walikuja kila asubuhi, jua likiwa limekwisha kupanda, saa ambazo watalii wote duniani hutembea. Kwanza ilikuwa sauti peke yake. Kisha ikaja harufu, harufu ya maji yaliyolala, nta ya mishumaa na makoti ya sufu yaliyolowa, na ilikaa kwenye mapazia mpaka jioni. Lambert akaanza kuamka amechoka kuliko alivyolala. Alimnong'oneza mkewe kwamba anaota amezungukwa na watu waliosimama kwa mstari pembeni mwa kitanda, wanamtazama, na hakuna hata mmoja anayemsalimu.

Siku moja Marthe alikuwa akimsuka Nyambura, Mkenya anayefanya kazi benki, mteja wake wa siku nyingi. Upande mmoja ulikuwa umekwisha. Ghafla Nyambura akauliza kwa sauti ya chini ni nani huyo anayemshika ule upande mwingine, maana vidole vyake ni baridi. Mikono yote miwili ya Marthe ilikuwa kwenye kopo la mafuta. Nyambura aliinuka, akajitanda skafu, akashuka ngazi ghorofa zote tisa nusu kichwa kimesukwa nusu kimesimama, na kwa mwanamke wa benki hilo si jambo dogo.

Lakini kilichomkata Marthe maini ni mtoto. Alimkuta Arlène anatembea taratibu sebuleni, mkono mmoja ameuinua kidogo kama mtoto anayevushwa barabara, anasimama dirishani, anageuka, anaelekea chumbani. Alipomuuliza anafanya nini, mtoto alijibu kwa Kiingereza, bila wasiwasi, kwamba anatembezwa na wenzake. Yule baba mrefu mwenye mwavuli mweusi ndiye anayeonyesha. Na kuna dada mmoja mwenye kofia nyeupe anamshika mkono, ili asipotee. Kesho yake Arlène alifuatana nao mpaka mlangoni. Kesho kutwa Marthe alimkuta nje, kwenye ngazi, amekwisha kushuka ghorofa moja, na alipomkamata, mkono wa mtoto ulikuwa umelowa na unanuka mfereji.

Lambert alisema wahame. Alilisema kwa kunong'ona, huku anatazama nyuma ya bega lake katika nyumba aliyoilipia mwenyewe. Marthe alimkumbusha jinsi walivyoihama Lubumbashi, na jinsi walivyokimbia fujo za kuwafukuza wageni Jeppestown mwaka 2015, magodoro kichwani, walipofukuzwa na walio hai.

"Sasa nihame tena juu ya bantu benye balikufa?" alimuuliza kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi. "Hapana, baba Arlène. Mara hii bao ndio batatoka."

Akaenda Fordsburg kwa mzee Bakiri, mtu wa Tanga anayeuza udi na mafuta ya uturi, na ambaye watu humwendea pia kwa mambo wasiyoyasema kanisani. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, hakushtuka, akauliza swali moja tu: waliingiaje? Marthe akaeleza ile karibu yake. Mzee akashusha pumzi.

"Mama Arlène, hapo mimi sina mkono," alisema. "Jini aliyevamia namtoa kwa kisomo. Aliyekaribishwa hatolewi na mtu wa nje. Mwenye nyumba ndiye anayeweza kuirudisha karibu yake, na awe na sababu ya haki, asije akawa yeye ndiye aliyevunja neno. Na ufanye upesi. Mgeni akiondoka hufungashiwa kitu. Usipomfungashia, hujichagulia."

Marthe alirudi kwa miguu, akaipita Braamfontein nzima bila kuiona. Wamekwisha kujichagulia, aliwaza, na hasira ikampanda mpaka akasikia joto katika baridi ile ya Julai. Kwa babu zake hawakungoja hata kukaribishwa. Walikuja, wakatazama, wakahesabu, wakabeba. Na sasa wanataka kubeba tena, kwake, ghorofa ya tisa, mtoto wake wa pekee. Aliogopa, hilo hakujificha. Ila hasira ilikuwa kubwa kuliko woga, na katika hasira ile ndipo akaipata sababu yake.

Asubuhi alipika. Alisonga bukari, ule ugali wa kwao mlaini, akapika sombe, yaani kisamvu, na samaki wa chumvi, akatandika mkeka sebuleni, akaweka na maji ya kunawa. Siku hiyo alimkataza Lambert kulala. Akamsimamisha mlangoni na rungu lake la kazini, ingawa wote wawili walijua rungu halitasaidia kitu. Akamkalisha Arlène karibu naye.

Sakafu ikaanza kulia. Harufu ikatangulia, nzito kuliko siku zote, ukungu ukatanda kwenye vioo ingawa nje jua lilikuwa kali, sauti ya honi za Park Station ikafifia kana kwamba mtu amefunga mlango kati yake na dunia, na polepole, kuanzia viatu kwenda juu, Marthe akawaona kwa mara ya kwanza, wanaume wa makoti marefu na wanawake wenye kola za lesi zinazobana shingo, ngozi zao zimejikunja kama za mtu aliyekaa majini kutwa, macho yao yanapita juu ya sufuria, juu ya picha ya harusi yake, juu ya mtoto wake, bila kutua popote, na mbele yao yule mrefu, mwavuli mweusi juu, anaonyesha kwa kidole kirefu, huku midomo yake inakwenda lakini sauti haitoki. Arlène aliinuka bila kuitwa. Akanyoosha mkono, na mkono ukashikwa.

"Basi hapo hapo," alisema Marthe. Sauti ilitetemeka. Akaianza upya, na mara ya pili haikutetemeka. "Musimame. Ni mie nilibakaribisha, na ni mie nitasema. Nilikaribisha bageni. Kwetu mugeni anasalimia. Anaikala chini. Anasema jina yake. Anakula. Nyie kila siku munapita mu nyumba yangu, munaangalia bwana yangu analala, munachagua mutoto yangu, na hata jambo hamusemi. Chakula ni hii. Mwenye kukula, iko mugeni yangu. Mwenye hakuli, sikumwita, atoke."

Yule mrefu akageuka, na kwa mara ya kwanza macho yake yakatua juu ya mtu. Marthe alihisi maji baridi yanapanda miguuni mwake, yakafika magotini, yakafika kiunoni, na hakuyaona kwa macho. Hakusogea. Alimega tonge, akalichovya kwenye sombe, akamnyooshea hadi karibu na kidevu chake. Chumvi ya samaki ilinukia. Yule mrefu akarudisha uso nyuma, na mstari wote nyuma yake ukarudi hatua.

"Hakuli," Marthe akamwambia mumewe. "Umeona mwenyewe, baba Arlène. Shahidi ni weye. Fungua mulango."

Lambert akafungua. Walitoka kama walivyoingia, kwa mstari, bila neno, na kila aliyevuka kizingiti aliondoka na sehemu yake ya ile harufu. Yule mrefu alisimama ngazini akawahesabu kwa kidole, akafika mwisho, akahesabu tena. Kisha akanyoosha kidole ndani ya nyumba.

Marthe akageuka upesi, moyo juu, kumtafuta mwanawe. Arlène alikuwa ameketi mkekani. Kando yake, amekunja miguu vizuri kama mtu aliyefunzwa na mama yake, aliketi msichana mweusi mwenye kofia nyeupe na aproni, chale tatu kila shavu. Alikuwa amenawa. Alikuwa anakula bukari kwa mkono wa kulia, haraka haraka, na machozi yanamtiririka mpaka kwenye sombe.

"Jina yako?" Marthe aliuliza.

"Niko Ngoie. Nalitoka Bunkeya, Katanga." Alimeza. "Balinipeleka kule Bulaya, bantu baniangalie. Tangu ile siku hakuna mwenye aliniambia: ikala."

Ngazini kidole kilikuwa bado kimenyooshwa. Mwavuli ulipigwa chini mara moja, kama mtu anayeita mbwa wake. Ngoie akaacha kula, akaanza kuinuka. Hapo hasira ya Marthe, ambayo alidhani amekwisha kuimaliza, ikapanda upya, na safari hii haikuwa ya mtoto wake peke yake. Akaenda mpaka mlangoni, akasimama kati ya kile kidole na mkeka, uso kwa uso na yule mrefu, karibu kiasi cha kusikia baridi ya koti lake.

"Huyu amekula kwangu," alisema. "Haendi. Hesabu yako itapunguka mupaka mwisho wa dunia. Na karibu yangu nimeirudisha."

Akaufunga mlango mwenyewe. Kule nje viatu vilisikika vikishuka, ghorofa baada ya ghorofa, na nyuma ya vyote mwavuli ukigongagonga kila ngazi kwa ghadhabu, mpaka ukapotea katika honi za mabasi. Lambert alikaa chini pale pale alipokuwa, akalia, naye hakuona haya. Arlène akauliza, kwa Kiswahili, kama kuna samaki mwingine.

Msichana alipokwisha kula, Marthe alimvua ile kofia nyeupe taratibu. Nywele zilikuwa zimegandana kuwa kitu kimoja, hazikuguswa na chanuo miaka zaidi ya mia. Msusi akatikisa kichwa, akaketi kwenye kochi, akampigia sakafu kati ya miguu yake.

"Ikala hapa," alimwambia.

Nywele za namna ile hazimalizwi kwa siku moja, wala kwa mwezi. Nyambura, aliyechoka na skafu, alirudi mwishoni mwa Julai, akamkuta Marthe amekaa kochini, mafuta yamefunguliwa, mikono yake inakwenda juu ya kitu ambacho hakipo, na chanuo kinakwama, kinavutwa, kinakwama tena. Akiwa bado mlangoni, aliuliza kama aondoke.

"Ingia uikale, dada," alisema Marthe, bila kuinua macho. "Ila utangoja zamu. Huyu alingojea miaka mingi kukupita."