Nguzo Fupi ya Ghala la Tano

"Mvua saa kumi. Funga madirisha."

Mpelelezi aliusoma ujumbe mara moja, akaufuta. Maana yake: lori la dawa bandia za watoto lingetoka boharini saa kumi alasiri, na mtu wa ndani aliyewasaidia wahalifu alikuwa bado hajajulikana.

Sasa ilikuwa saa nane na nusu.

Kwa miezi mitatu alikuwa amejifanya mtaalamu wa takwimu hapo boharini. Walimwita Fundi Chati. Jina lake halisi hakuna aliyelijua, na upweke ulimwandama. Mtu mmoja tu alimuuliza kila siku kama amekula: Mzee wa Stoo, aliyemtengea hata kikombe cha chai.

Bastola ilikuwa kiunoni, lakini mtego ulikuwa kwenye kompyuta yake ya ThinkPad. Kwa lugha ya programu ya R, kwa kutumia zana yake ya kurasa iitwayo Shiny, alikuwa ameunda ukurasa wenye chati ya nguzo nane, moja kwa kila ghala. Ukibofya nguzo, orodha ya makasha inafunguka papo hapo. Kimyakimya, ukurasa ulirekodi nani kabofya wapi.

Asubuhi hiyo aliingiza kasha moja la uongo katika Ghala la Tano, ambalo vitabuni lilikuwa tupu. Ikachomoza nguzo fupi kama kisiki.

Wakubwa hubofya nguzo ndefu. Ndiko kwenye sifa. Kisiki kile kingemsumbua mwenye hofu peke yake: aliyeficha mzigo katika ghala lililodaiwa kuwa tupu.

Saa tisa simu ikatetemeka.

Ghala la Tano limebofywa. Tena. Tena. Mara kumi na moja, kwa akaunti ya mtu mmoja.

Mzee wa Stoo.

Iliuma. Akainua redio.

"Ghala la Tano. Zuieni lori. Mkamateni mtunza stoo."

"Una hakika?"

"Ninayo."

Lori lilikamatwa getini likiwa limesheheni. Mzee alipopitishwa koridoni na pingu, alisimama mlangoni pa Fundi Chati.

"Mwanangu, kasha lile halikuwa letu."

"Nililiweka mimi."

Mzee akatikisa kichwa. "Kumbe kikulacho ki nguoni mwako."

"Hata mimi nimewaza hivyo, mzee."

Walipomwondoa, mpelelezi alifuta kasha la uongo. Nguzo ikazama papo hapo. Akaosha kikombe, akakifunika kwenye sinia, akatoka kwa mlango wa mbele bila haraka.

Hakuwa amekula tangu asubuhi, na hakuna aliyemuuliza.