Tone la Mafuta Kwenye Breki

Baba yangu ni fundi cherehani, na hajapata kutupa kitu. Vipande vya uzi anaviweka kwenye kopo. Pini ikipinda, anainyoosha. Vifungo vya shati lililokufa anavihamishia kwenye shati lililo hai. Sisi wanawe tunamtania kwamba hata chafya anaiwekea akiba. Anacheka, halafu anaendelea kubana.

Gari lake ni kuukuu. Analitumia kupelekea wateja sare za shule. Kila asubuhi ananipeleka mimi kazini na binti yangu wa miaka mitano shuleni. Shule iko chini ya mteremko mrefu. Mbele ya lango kuna kivuko chenye mistari myeupe, na asubuhi watoto hujaa pale.

Wiki moja gari lilianza kulia. Kila baba alipokanyaga breki, tulisikia kiiii! kwenye gurudumu la mbele.

"Baba, lipeleke gereji," nilimwambia.

"Mafundi wa magari nawajua. Unampelekea ugonjwa mmoja, anakutajia kumi."

"Lakini linalia."

"Kulia si kufa. Linatembea, linasimama. Nilipie kitu ambacho hakijaharibika? Na mimi pia ni fundi, mwanangu."

Baba akishasema "mimi pia ni fundi," mazungumzo yamekwisha.

Kesho yake asubuhi gari halikulia. Baba alinitazama kwenye kioo huku akitabasamu kwa maringo.

"Unasikia?"

"Sisikii kitu."

"Basi. Nimelitibu mwenyewe."

Tukaanza kushuka mteremko. Binti yangu alikuwa kando yangu kwenye kiti cha nyuma, amefunga mkanda, anatuimbia. Baba alikanyaga breki. Mwendo ulipungua kidogo tu. Akakanyaga tena. Gari likavuta upande mmoja, likazidi kuteremka.

"Baba!"

"Naona! Naona!"

Mimi pia niliona. Watoto walikuwa kwenye kivuko, wengine wakitembea kinyumenyume na kucheka. Mwalimu aliyekuwa anawavusha alipiga filimbi. Akawakamata wawili kwa mikoba yao, akawavuta nyuma. Baba alivuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote. Tulikipita kivuko bila kumgusa mtu. Tulisimama hatua kumi mbele yake.

Nilikuwa nimemkumbatia binti yangu, na sikumbuki nilimkumbatia saa ngapi. Alikuwa ameacha kuimba.

Baba alijifuta jasho. "Tone lilikuwa dogo," alisema kama anayejisemea mwenyewe. "Kesho nitaongeza."

"Tone la nini, Baba?"

Mwalimu alikuwa anakuja, filimbi bado iko mdomoni.

Nilimwingiza mtoto shuleni, nikaenda kazini kwa miguu. Mchana kutwa ile "kesho" haikunitoka kichwani. Kesho angeongeza nini? Na kesho nani angekuwa kivukoni? Nilimjua baba. Ukimgombeza, anakaza. Basi nilipotoka kazini nilimpitia jirani yetu, mwanamke mwenye gereji ambaye watu wote humwita Spana. Nilimweleza yote. Akavua ovaroli yake, akaikunja na kuibana kwapani.

"Twende," alisema. "Mimi leo ni mteja."

Tulimkuta baba kwenye cherehani.

"Shikamoo, mzee wangu. Ovaroli yangu imefumuka."

"Marahaba." Baba alipitisha vidole kwenye tundu. "Hii ilianza lini?"

"Kama mwezi hivi."

"Mwezi! Ungeniletea siku ulipoona nyuzi mbili zimeachia, ningepitisha mshono mmoja tu. Sasa kitambaa chenyewe kimelika. Hapa ni kiraka. Watu nyinyi mnangoja mpaka nguo ife!"

"Na gari lako, mzee, lilianza kulia lini?"

Baba aliiweka ovaroli chini. Akanigeukia. "Umenisemea."

"Nimekusemea, Baba. Naogopa."

"Unaogopa nini? Kelele zimekwisha. Cherehani ikilia, naitia tone la mafuta, inanyamaza. Na gari nimelifanyia hivyo hivyo."

"Umetia wapi?" aliuliza Spana.

"Pale panapolia. Ndani ya gurudumu."

Spana ni mtu wa utani, lakini pale alikaa kwenye stuli bila kucheka.

"Mzee wangu, cherehani inataka kuteleza. Breki inataka kung'ang'ania. Ndani ya gurudumu lile kuna sahani ya chuma. Tunaiita diski. Ukikanyaga breki, pedi mbili zinaibana diski hiyo mpaka gurudumu linasimama. Pedi zikikaribia kwisha, zinapiga kelele. Zinakuonya. Wewe umezitia mafuta. Sasa zinabana, lakini zinateleza."

Baba aliinuka kwenye cherehani.

Tulitoka nje, uani, lilipokuwa gari. Spana aliweka mawe kwenye magurudumu ya nyuma, akapiga jeki, akafungua gurudumu. Akatoa pedi moja na kumpa baba.

"Mpya ina unene wa kidole. Pima hiyo."

Baba aliipapasa kwa kidole gumba, kama anavyopapasa kitambaa cha mteja. Sehemu ya kubana ilikuwa nyembamba kama ukucha, na ilikuwa inang'aa kwa mafuta. Aliipapasa tena na tena.

"Mjukuu wangu alikuwa ndani," alisema. "Na kesho ningeongeza."

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu, sikumsikia akiuliza bei kwanza.

"Tufanye nini, mwanangu?" alimuuliza Spana.

"Lisiende popote mpaka niweke pedi mpya magurudumu yote mawili ya mbele na kusafisha diski. Nitaangalia na mafuta yake ya breki. Hayo yana chupa yake, si ya cherehani! Baada ya hapo usingoje kelele. Breki, tairi, mafuta ya injini, kila kimoja kina muda wake wa kukaguliwa. Umeandikwa kwenye kitabu cha gari. Na breki ikitoa mlio mpya, nione siku hiyo hiyo."

"Nitalipa," alisema baba. "Ila hizo pedi kuukuu niachie."

"Za kazi gani?"

"Zitapata kazi."

Hapo hata mimi nilicheka.

Wiki ya tatu baada ya matengenezo, tulikuwa tunashuka mteremko ule ule. Upepo ulimpeperushia mtoto mmoja kofia yake. Akachomoka mkononi mwa dada yake, akaikimbilia barabarani, mbele yetu kabisa. Baba alikanyaga breki. Gari lilishika, likasimama kabla ya mstari wa kwanza.

Mtoto aliokota kofia. Akaikung'uta vumbi, akaivaa, akarudi kwa dada yake. Hakututazama hata mara moja.

Baba hakuondoa gari. Wa nyuma yetu walianza kupiga honi.

"Hajui," alisema. "Wala hajui kama ingekuwa zile pedi kuukuu..."

"Nani hajui, babu?" aliuliza binti yangu.

"Ngoja kidogo, mjukuu wangu. Ngoja babu apumue."