Karibu Bila Hodi

Kiti cha wageni kilikuwa na joto.

Theodosia aligundua asubuhi moja ya ukungu, alipoweka kiganja juu yake ili akisogeze afagie. Asubuhi za Kibondo zina baridi inayoingia mpaka kwenye meno, na chumba kile kilikuwa kimefungwa kwa kufuli tangu jana yake. Akagusa kiti chake mwenyewe. Kilikuwa baridi. Akagusa tena kile cha wageni, akakuta joto la mtu aliyekaa kwa muda mrefu na kuinuka sasa hivi. Wengine tungetoka mbio na ufagio mkononi. Yeye alifagia, akawasha mashine, kwa sababu mtu aliye kwenye majaribio ya kazi ya serikali haachi kazi kwa ajili ya kiti.

Kazi yenyewe ilikuwa ngeni kwa watu wa pale, maana mwaka ulikuwa wa tisini na saba na wengi walikuwa hawajaiona kompyuta hata kwenye picha. Theodosia alikuwa amesomea kutunga programu Dar es Salaam, akapelekwa kwenye kitengo kimoja cha serikali kilichohesabu visima vya vijijini, ili amalizie mafunzo kwa vitendo. Katikati ya mafunzo akajifungua mtoto wa kiume, Nestori, na baba wa mtoto akasema anakwenda Mwanza mara moja. Mpaka leo yuko njiani. Mkubwa wake wa kazi, mama mmoja aitwaye Zena, akakubali jambo ambalo kitengo hakikuwahi kulifanya: msichana arudi kwa mama yake, mashine imfuate kwa lori, afanye kazi hukohuko. Kila kipande cha programu alichokamilisha kilisafiri kwenye disketi, kwa basi mpaka Kigoma na kwa treni mpaka Dar, na maagizo ya Zena yakarudi kwa simu ya upepo ya ofisi ya maji.

Alipewa chumba nyuma ya stoo ya mabomba, chenye meza, jenereta nje ya dirisha, na viti viwili. Kiti cha pili kilikuwa cha wageni, ingawa hakuna mgeni aliyefika. Watu waliipita ile mashine kwa mbali, kama wampitavyo mbwa asiyejulikana ni wa nani.

Hofu hiyo Zena aliijua. Siku moja akasema kwenye simu ya upepo, sauti ikikwaruza, kwamba watumishi wa wilayani wataikimbia programu yao, hivyo iwakaribishe kwanza. Theodosia akatunga mlango. Programu ikiwashwa, kioo kiliandika KARIBU, UNAITWA NANI?, kisha kikasubiri mtu aandike jina lake. Mtu akimaliza kazi, kioo kilirudi palepale mwanzo: KARIBU. Ili aijaribu ilimbidi apite kwenye mlango huo asubuhi mpaka jioni, masika mpaka kiangazi, na kwa kuwa alikuwa peke yake hakujisumbua kuandika jina. Alibonyeza tu kitufe, jina likabaki tupu, na programu ikaendelea. Kutwa nzima mashine ikawa inakikaribisha chumba kitupu.

Baada ya joto la kiti ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya tope la chini ya kisima, tope lisilojua jua, na ilikuja hata siku za vumbi. Halafu vidole vikafa ganzi. Mwanzo alidhani ni baridi. Siku moja alijimwagia chai ya moto mkononi na kuendelea kuandika, na alipokuja kutazama aliona ngozi imeinuka lengelenge, akaishangaa kama ya mtu mwingine. Chumvi ikapotea kwenye maharage. Wimbo wa kanisani alioupenda ukawa maneno tu. Hakuogopa, na hilo ndilo baya zaidi katika habari hii yote: kile cha kuogopea nacho kilikuwa kimeanza kuondoka.

Mama yake, Immakulata, ndiye aliyeona. Mtoto alikuwa akilia na Theodosia anaendelea kupeta mchele. Aliposemeshwa aliinuka, akamchukua, akamnyonyesha, akamlaza, yote sawasawa. Lakini hakumnusa kichwani kama alivyozoea, wala hakumwita kwa yale majina ya kipuuzi ambayo kila mama huyabuni. Usiku ule Immakulata alisali rozari mara mbili. Asubuhi akamuuliza binti yake kwa sauti ya chini kama bado anampenda mtoto. Theodosia alifikiri kidogo kabla ya kujibu.

"Najua kwamba nampenda, mama. Sisikii tu."

Immakulata akaketi chini, akampakata mtoto. Mumewe alikuwa amekufa, wanawe wengine walikuwa mbali, na sasa huyu aliyebaki alikuwa anaisha mbele ya macho yake huku anapumua.

Siku ya siafu Immakulata alikuwa shambani, na Theodosia alikwenda kazini na mtoto. Alimkalisha kwenye kanga sakafuni, akawasha mashine, KARIBU ikatokea, akaanza. Nyuma yake Nestori alicheka. Akatazama begani, akamwona mtoto ameinua mikono miwili kuelekea kiti cha wageni, kama wafanyavyo watoto wanapotaka kubebwa na mtu wanayemzoea. Kiti kilikuwa kitupu. Theodosia akarudi kwenye kioo, kwa kuwa Zena alikuwa anasubiri disketi na basi lilikuwa linaondoka mchana, na ile harufu ya tope ikapanda polepole, ikajaa chumba, ikakaa juu ya ulimi wake uliokuwa hauonji kitu kingine siku hizo, na jenereta ikaendelea kunguruma, na kicheko cha mtoto kikakatika katikati kama kilichozibwa kwa kiganja, na yeye akaendelea kubonyeza, jina tupu, jina tupu, mpaka ukimya ule wa mtoto ukawa mrefu kiasi kwamba hata mtu asiyesikia chochote angegeuka, akageuka, akaona mstari mweusi umetoka chini ya mlango, umepita kwenye kanga, umepanda mguu wa Nestori mpaka pajani, siafu wakubwa wenye vichwa vyekundu wameng'ata wamening'inia, na mtoto ameketi wima anawatazama kwa utulivu, halii, hajikuni, macho makavu.

Alimwinua, akawabandua siafu mmoja mmoja, na damu ikatoka. Mtoto hakushtuka. Theodosia alijua kwamba hapa mama hupiga kelele. Akaitafuta kelele ndani yake, hakuiona. Basi akafunga chumba, akamfuata mama yake shambani, akamwambia yote kwa sauti ileile ambayo mtu husemea habari za mvua.

Reverien alikuwa mtu wa Makere, mwuza dagaa, aliyepanda Kibondo siku za soko. Kuondoa majini ilikuwa kazi yake ya pili, na hakuipenda, kwa sababu dagaa huharibika mtu akichelewa. Kesho yake ilikuwa siku ya soko; Immakulata alimkuta anafunga magunia, akambembeleza, akaja naye moja kwa moja mpaka ofisini, mtoto mgongoni. Reverien hakuwa na ubani wala ngoma. Alinusa, akagusa kiti cha wageni, akaondoa mkono haraka.

"Nani alipiga hodi hapa?" akauliza.

"Hakuna mtu," Theodosia akasema.

"Na nani alisema karibu?"

Theodosia akaonyesha kioo cha mashine. Ilimbidi amsomee. Reverien akauliza kama mashine hiyo inajua kuaga, akaambiwa haijui, ikimaliza inaanza tena kukaribisha. Yule mzee akacheka kidogo bila furaha, akauliza ni kwa muda gani imekuwa ikisema hivyo kwenye chumba kisicho na mtu. Theodosia akamwambia tangu mvua za masika.

"Nyie mliosoma. Sisi hata mtoto mdogo tunamfundishaga, karibu haitoki mdomoni kabla ya hodi. Wewe umemkaribisha kutwa, hujamwandalia kitu. Sasa anajipakulia mwenyewe. Kwako amekaribia kumaliza, ndiyo maana ameonja kwa mtoto."

"Mfukuze, baba," Immakulata akanong'ona.

"Siwezi kufukuza mtu aliyeitwa, mama. Huyu anasindikizwa, na anamsindikiza aliyemwita." Akaegemeza mkono juu ya kile kiti, kama mtu anayeeleza njia. "Mshukuruni Mungu hakupiga hodi. Angepiga hodi, akaitikiwa na mtu mwenye damu, angekuwa mgeni wa haki, na mimi ningerudi kwenye dagaa wangu. Hapo hakunaga dawa."

Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida, palepale kwenye kiti chenye joto, hakunong'ona.

Kisha akatoa maagizo. Theodosia alifuta neno KARIBU kwenye programu, akazima mashine. Mzigo wa mgeni, mzee akasema, hubebwa na mwenyeji, na mgeni huyu hakuwa na mzigo ila kiti alichokipasha joto, basi akakibebe. Ashike njia ya bondeni, upande wa Kumsenga, asigeuke nyuma wala asimsemeshe mtu, mpaka mgeni mwenyewe amwambie rudi. Reverien akawahi lori lake. Immakulata akamchukua mtoto akaenda nyumbani.

Jua lilikuwa limeanza kulala Theodosia alipotoka, kiti kichwani. Waliomwona hawakushangaa, maana mwanamke na kiti kichwani ni jambo la kila siku. Kilikuwa kiti chepesi cha mbao. Alipoanza kushuka kilikuwa kizito kidogo, na alipovuka mashamba ya mihogo kilikuwa kizito zaidi, uzito wa mtu anayejiweka sawa, anayeegemea, anayekunja nne na kutazama mandhari, na shingo yake ikaanza kuzama mabegani, na maji ya tope yakaanza kumchuruzika usoni ingawa mbingu ilikuwa kavu, na hapo, kwa mara ya kwanza baada ya miezi, kitu kidogo kikatikisika kifuani mwake, akakitambua kuwa ni hofu, akakishika kwa nguvu zote kama mtu anayeokota sarafu yake ya mwisho gizani, akaendelea kutembea mpaka kijito.

"Asante," sauti ikasema juu yake. Ilikuwa sauti ya upole, ya mtu mstaarabu. "Inatosha. Rudi."

Kiti kikawa chepesi. Akakiweka chini kando ya maji, akageuka, na maumivu yakaja yote pamoja: shingo, vidole, lile lengelenge la chai la siku nyingi. Alipiga kelele. Kisha akacheka, kisha akalia, kwa furaha ya kuumwa. Akamkumbuka Nestori, mguu wake, wale siafu, na kelele aliyoikosa siku ile ikatoka sasa, peke yake njiani. Alipanda kile kilima mbio. Alitaka kumnusa kichwani.

Kabla hajafika uani alimsikia mtoto analia, kilio cha hasira cha mtoto mwenye njaa na mguu unaouma, na hakuwahi kusikia kitu kitamu kama hicho. Akaingia moja kwa moja jikoni, akamnyakua kwenye mkeka, akamkumbatia, akamwita majina yote ya kipuuzi. Nestori alimng'ang'ania na kuzidi kulia. Immakulata alikuwa ameinama motoni, amewapa mgongo. Hakugeuka.

"Ameondoka, mama," Theodosia akasema, machozi yakimtoka. "Ameniambia mwenyewe nirudi. Nasikia kila kitu."

"Vizuri, mwana wanje, mwanangu," mama yake akasema. Sauti yake ilikuwa tambarare. "Mbona mwanzo ulipiga hodi, halafu hukuingia?"

"Sikupiga hodi."

"Ulipiga. Kwa adabu kabisa. Nikakuitikia karibu."

Theodosia akasikia harufu ya tope. Immakulata akageuka, ameshika sufuria ya uji iliyokuwa inachemka, hana kitambaa mkononi. Akampa. Theodosia alipoigusa ilimuunguza, akaiachia, uji ukamwagika sakafuni. Mama yake akainama, akaiokota kwa mikono miwili, akaipakata kifuani kama mtoto, na akauliza kama uliobaki ungemtosha mgeni.